Bimu Isiyogusa Ukuta

S.L.P. 27,
Kianjokoma,
Embu.

Jumanne, 15 Julai 2025

Mpendwa Kinya, mjukuu wangu na wajina wangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umekula. Naanzia hapo kwa sababu ile picha uliyomtumia mama yako niliiona, na hayo mashavu si yale niliyoyaaga uwanja wa ndege. Kwani huko hakuna viazi? Wewe mwenyewe u mzima? Kile kikohozi kiliisha, ama bado unakificha kama unavyoficha mambo mengine, ambayo nitayafikia hapo mbele? Na lile sweta nililokufumia livae. Usiliweke kwa sanduku ati ni zito. Nililifuma zito nikijua.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda kutoka mtoni, lakini presha imeshuka mpaka daktari akanipima mara mbili akidhani mashine yake imeharibika. Ng'ombe amezaa ndama jike. Shangazi yako Gatwiri ameshaanza kumwangalia yule ndama kwa macho fulani, nami nimemwambia atazame milima. Baridi ya mwezi huu ni mbaya. Asubuhi tukienda kuchuna chai vidole vinakataa kukunjika. Baba yako Njiru na mama yako wako salama huko Embu mjini. Wanakuja Jumapili, wakikumbuka.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu unanikatiza. Nikianza jambo unasema "sawa Cucu, sawa Cucu," halafu unaniuliza habari ya ng'ombe. Karatasi haijui kusema sawa Cucu. Na ni Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kule ngumbaru, nikiwa tayari mama wa watoto. Kukisema nilikisema zamani, tangu nikiwa msichana wa kuuza kabeji soko la Gakoromone, Meru. Nilikodi chumba Majengo kwa Mama Zuhura, na yule mama alikuwa hafungui mlango mpaka umbishie hodi kwa Kiswahili kilichonyooka. Binamu yako Kirimi atapiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu. Soma zote kwanza, ndipo unipigie.

Sasa tuje kwa nyumba.

Unajua kuta zilifika juu ya madirisha tangu Mei, mawe ya kuchonga, safi, hata fundi Gachoki ambaye hajisifu alijisifu. Kilichobaki ilikuwa bimu, ile ya simiti na vyuma ya kuzunguka nyumba yote juu ya kuta kabla ya mbao na mabati. Na unajua nilimsimamisha Gachoki nikasema tungoje mpaka uje Agosti. Wewe ukadhani nataka tu uwepo kwa sababu nyumba ni ya jina letu sote wawili. Nami sikukueleza zaidi, kwa sababu niliona hakuna haja ya kumweleza mtu kazi yake mwenyewe.

Wakati wa Pasaka ulinipigia ukiwa na furaha nyingi. Nikakuuliza kazi yenyewe huko ni ipi hasa, maana watu kanisani wananiuliza na mimi najibu tu kwamba ni kazi ya masomo makubwa. Ukaniambia, na haya ni maneno yako mwenyewe, kwamba kazi yenu ni ya bimu. Kwamba mnaitoa bimu kwenye mashine ndogo mnaipeleka mpaka kwenye mashine kubwa, na hiyo laini ya kuipitisha ndiyo wewe umepewa uijaribu. Ukasema kazi ngumu ni kuifanya inyooke, na isiguse ukuta hata kidogo.

Mimi nifikiri nini? Hapa Kianjokoma bimu ni bimu. Nilishangaa kidogo, sikatai, kwa sababu bimu isipogusa ukuta sijui inakaa wapi. Lakini nikasema moyoni, hawa watu wamefika mwezini, watashindwa na bimu? Nikajua wamepata ujuzi mpya, na mwenye ujuzi huo ni wajina wangu.

Basi nikamwambia Gachoki aweke karai chini. Nikamwambia kuna mtu anakuja kutoka ng'ambo kumwonyesha namna ya kuweka bimu bila kugusa ukuta.

Gachoki ni mtu mpole, na amejenga nusu ya nyumba za mawe unazoziona ukitoka sokoni. Aliniuliza kama bimu hiyo itaning'inizwa kwa mawingu. Nikamwambia asiseme vibaya juu ya kitu ambacho hajasomea. Akachukua vyombo vyake akaenda kujenga choo cha jirani yetu Wanjira, na kila akipita barabarani anatazama kuta zangu kisha ananisalimia kwa heshima nyingi mno, ile heshima ya mtu anayecheka kwa tumbo.

"Cucu," akaniambia siku moja, "hii nyumba bado inangoja ndege?"

Nikamwambia ndege ina rubani mmoja na huyo rubani ni Kinya.

Na si yeye tu. Kanisani akina mama wote walijua. Wanjira ndiye aliyeeneza, lakini ni kweli mimi ndiye niliyemwambia, tena nilimwambia kwa sauti.

Haya. Jumapili iliyopita Kirimi akaja kutoka Meru. Unamjua Kirimi, haji mikono mitupu. Aliniletea nyama kutoka kwa wale wachinjaji wa Majengo, na radio yangu aliyokuwa ameenda nayo kuitengeneza. Baada ya kula nikamtoa nje kumwonyesha nyumba. Gachoki alikuwa kwa Wanjira, ua ni ule mmoja, akaacha kazi akaja kuegemea. Nikamweleza Kirimi mambo ya bimu, na kwamba tunakungoja wewe na huo ujuzi.

Kirimi akafunika mdomo. Nikamwambia kama ana jino linalomuuma aseme.

"Cucu," akasema, "bimu ya Kinya haishiki nyumba. Hata haionekani kwa macho."

Akatoa simu akanionyesha zile picha zenu. Nikaona bomba refu linalopita chini ya ardhi, kama bomba la maji, na vyuma vikubwa vimelizunguka huku na huku, vingine vya buluu, vingine vyekundu. Akaniambia Kizungu kina bimu mbili, na hiyo yenu kwa Kiswahili ni mwale. Kwamba ni vitu vidogo, vidogo kuliko unga wa mahindi, kuliko vumbi, vidogo mpaka hakuna hesabu ya kwangu inayovifikia, na vinakimbia pamoja kwa mstari mmoja ndani ya hilo bomba. Hewa yote imefyonzwa visigongane nayo. Vile vyuma ni sumaku, vinaukunja mwale kwenye kona na kuubana usitawanyike. Ukigusa ukuta wa bomba umepotea, na unaweza kuharibu kitu.

Hapo ndipo nikaelewa ule ukuta ulikuwa ukuta gani.

Gachoki alikuwa amesikia yote. Hakucheka, alifanya vibaya zaidi. Alivua kofia.

"Kwa hivyo tangu Mei," akasema, "tumekuwa tukingoja kitu kisichoonekana."

"Ya mjukuu wangu inatembea," nikamwambia. "Yako inalala tu hapo juu."

Hapo Kirimi alicheka mpaka akakaa kwenye rundo la kokoto. Gachoki naye akacheka, na Wanjira nikamsikia ndani ya migomba yake. Sikucheka nao. Nilicheka baadaye, jikoni, nikiwa peke yangu, na nilicheka sana.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nimekasirika.

Nilimwuliza Kirimi huo mwale umefika wapi. Akaniambia mlijaribu mara ya kwanza mnamo Juni. Kwamba hamuufungulii wote kwa pamoja, mnaanza na kidogo, na njiani kuna vioo mnavyovishusha kuona kama alama ya nuru imetua katikati. Kioo cha kwanza ikatua. Cha pili ikatua. Cha tatu, hakuna kitu. Mwale umeingia ukutani. Mkatafuta mpaka watu wakaanza kununiana, na ni wewe uliyegundua kwamba sumaku moja nyaya zake zimefungwa kinyume, ikawa inasukuma pale ilipotakiwa kuvuta. Nilifurahi sana. Nilimwomba Kirimi arudie hapo pa wewe kugundua, akarudia.

Nikauliza, basi lini utapita wote mpaka mwisho? Kirimi akaanza kuangalia ndama.

Mimi nimewalea nyote. Najua mtu anayeangalia ndama. Nikamkaza mpaka akasema. Kwamba siku ya kuupitisha laini nzima mpaka kwenye mashine kubwa imewekwa Agosti, wiki ileile uliyonunua tiketi ya kuja hapa. Kwamba hawawezi kuisogeza. Kwamba uliwaambia hao wakubwa wako wampe yule mwenzako mwenye ndevu akae kwenye kiti chako, aifungue yeye, kwa sababu wewe una nyumba ya nyanya yako inayokungoja. Na kwamba ulimwapisha Kirimi asiniambie.

Kinya. Nani alikutuma?

Nani alikuambia mimi ni mtu wa kufanyiwa kafara namna hiyo bila kuulizwa? Mtu anakesha na kitu miaka yote hiyo, anakonda mashavu, anakohoa, halafu siku ya kukifungua anampa mwenye ndevu? Sijamkataa huyo mwenye ndevu, huenda ni mtoto wa watu. Lakini hakuigundua ile sumaku.

Najua utasema, "Cucu, mimi niliahidi." Uliahidi kwa bimu ambayo haipo. Ahadi hiyo naivunja mimi mwenyewe.

Nikueleze jambo moja ambalo baba yako alikuwa mdogo sana kulijua. Babu yako Gitari alichimba laini ya maji ya mradi kutoka msituni mpaka hapa. Walichimba kwa zamu, lakini yeye hata isiyokuwa zamu yake alikuwa huko, na udongo aliurudisha nyumbani kwa nguo zote. Walipoijaribu mara ya kwanza maji yalifika kwenye daraja yakaishia hapo, wakafukua upya, mfereji kwa mfereji, wakitafuta panapovuja. Kisha siku ya kufungua ikapangwa. Siku hiyohiyo tulikuwa Meru tukimzika mama yangu. Hakuna aliyekosea, mtu hachagui siku ya kufiwa. Tuliporudi tulikuta maji yanatoka pale kwenye bomba la kanisa, na watu walishacheza wakachoka wakaenda zao.

Babu yako alikunywa, akasema ni matamu. Lakini kwa miaka, Kinya, kwa miaka, akikaa na mtu yeyote aliyekuwepo siku ile, nilimsikia akiuliza lilelile. Bomba lilikohoa kwanza, ama lilianza kwa matope? Nani aliweka mkono wa kwanza? Yalikuwa baridi? Wakamjibu mpaka wakachoka. Hakulalamika hata siku moja. Aliuliza tu.

Mimi sitaki uje kukaa na huyo mwenye ndevu ukimwuliza ilikuwaje.

Kwa hivyo usije Agosti. Nimesema. Tiketi irudishe ama uisogeze mbele, mambo ya tiketi sijui. Na usimpigie baba yako kumlilia, nimeshamwambia naye amekubali, ingawa alikubali kabla sijamaliza kueleza, kama kawaida yake.

Naiacha hapa kidogo. Nimemtumia Gachoki neno aje nimwone, na nikimwona nataka niwe nimesimama.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi. Mikono yangu ina simiti kwa hivyo usishangae alama za kidole pembeni.

Gachoki alikuja Jumatano. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi, na nilipomwona nikayasahau. Nikamwambia tu amwage bimu.

Akaniuliza, "Iguse ukuta?"

Nikamwambia iguse, iguse kila mahali, isipogusa hata inchi moja simlishi.

Alijua la kufanya, lakini aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama nina hakika simngoji Kinya. Nikamwambia Kinya ana kazi ya kufungua laini yake, na mtu mwenye kazi hangojwi, anaachwa afanye. Akaniinamishia kichwa. Nafikiri ilikuwa heshima ya kweli, kwa sababu hakutabasamu.

Akafunga vyuma Alhamisi na Ijumaa, na mbao za kuzuia simiti. Leo asubuhi wakamwaga. Ungeona ua huu. Wanjira alikuja na akina mama wote wa kanisa, wale wale, kila mmoja na mtungi wa maji, na hakuna aliyetaja ndege. Niliwangoja waitaje, nikiwa na jibu. Hawakuitaja. Baba yako alipanda ngazi akiwa na viatu vya ofisi, akapokea karai tatu nne, kisha akakumbuka ana simu ya kupiga. Mama yako Caroline alibaki na mimi jikoni tukaponda mukimo wa viazi na mahindi, maana siku ya bimu mwenye nyumba asipolisha mafundi vizuri, bimu hiyo itasemwa mpaka mazishi yake. Gatwiri alichinja kuku wawili. Si wake, ni wangu, lakini alichinja vizuri.

Saa za mchana ukungu ukaondoka na mlima ukatoka wote, mpaka theluji. Karai ya mwisho ilipopanda Gachoki aliniita nipande ngazi nione. Goti likakataa, nikalilazimisha. Nikaona bimu yangu imezunguka nyumba nzima, imenyooka, imelala juu ya ukuta kila upande, mbichi, inang'aa. Nikaiangalia sana. Ni nzuri. Itakauka, watanyunyizia maji kila siku, kisha mbao zipande, na mabati yatakuwa juu kabla ya mvua za Oktoba. Chumba cha dirisha la kuangalia mlima ni chako. Desemba utalala humo, na mvua ikinyesha utaisikia juu ya bati na mimi nitakuwa nakuuliza ng'ambo kuna mvua kama hii.

Sasa maagizo. Siku hiyo ya Agosti ule kabla ya kwenda. Usiingie kule chini kwenye bomba likiwa limefunguliwa, Kirimi ameniapia kuwa milango inafungwa kwanza, lakini nakujua wewe na kichwa chako cha kuchungulia. Zile nyaya zote ziangalie tena, hata zile ulizokwisha kuziangalia. Ukikaa kwenye kile kiti, kaa nyuma vizuri, usikae ukingoni kama mgeni. Huyo mwenye ndevu akae karibu, ni vyema naye aone. Alama ikitua kwenye kioo cha mwisho, nipigie. Usihesabu kwetu ni saa ngapi. Na usiponipigia kwa sababu haikutua, nitakupigia mimi, na tutaongea habari ya ng'ombe.

Na jambo moja la mwisho. Nilitaka uje. Nilikuwa nimeanza kutoa vumbi kwenye kitanda. Hilo nimeliandika mara moja, na silirudii, na wewe usilitaje kwenye simu.

Baba yako na mama yako wanakusalimu. Shangazi yako Gatwiri anakusalimu, anasema umletee krimu ya mikono. Wanjira anakusalimu, na amesema nikuandikie kwamba anakuombea wewe na huo mwale, ingawa anasema ni vigumu kuombea kitu usichokiona. Nikamkumbusha kwamba kila Jumapili hufanya hivyo. Gachoki anakusalimu kama fundi kwa fundi. Kirimi ameketi hapa mlangoni na simu yake mkononi akisema karatasi zinatosha.

Mungu aliyekupa akili akupe na usingizi. Akushike mkono siku hiyo usitetemeke, akunyooshee njia mpaka mwisho wa bomba, na akurudishe kwangu ukiwa na mashavu.

Ni mimi nyanya yako, anayekugombeza kwa sababu anakupenda,

Kinya wa Gitari